Abiria wa Thelathini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Imeanza alfajiri, na saa moja na dakika ishirini nilipokaa mbele ya kipaza sauti ilikuwa inalipiga bati la studio mpaka Fundi, huyu anayeshughulikia mitambo yetu, akanifanyia ishara kupitia kioo nipaze sauti. Nikapaza. Mimi sauti sijawahi kukosa.

Habari ya leo ilikuwa ya mzee mmoja na bibi yake, watalii, walioshuka treni kituo kimoja kabla ya mji waliokuwa wakiuendea. Wamekaa siku nne kwenye mji usio wao, wanapiga picha kila ukuta na kuusifia kwa jina la mji mwingine. Niliipigia simu hoteli yao. Mwenye hoteli akanithibitishia kwa kunong'ona kwamba ni kweli, wako mezani wanakunywa supu, na mji mzima umekubaliana kutowaambia.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Kipindi kinaitwa Walimwengu Safarini, dakika tano, kila siku ya kazi, mwaka wa kumi na minane huu: vituko vya wasafiri kutoka pande zote za dunia. Wengine huokota habari wakazisoma. Mimi sisomi kitu kabla sijasikia sauti ya mtu aliyekuwapo. Kabla ya redio nilikuwa opereta wa simu kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo kumtafuta mtu nisiyemjua, katika mji nisioujua, na kumfanya aongee, kwangu ni kama kumenya kitunguu. Habari zaidi ya elfu nne, na hakuna hata moja iliyokanushwa. Najisifu? Najisifu. Daftari ni langu.

Jumanne, 4 Machi

Treni ya nchi ya baridi imesimama saa tatu nzima kwa ajili ya bata aliyelalia mayai katikati ya reli. Nimeongea na mkuu wa kituo mwenyewe. Mayai sita.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja ameniita ofisini. Ana miezi mitatu tu hapa, mgeni wa mji, shati lake halina hata mkunjo. Amenivutia kiti, na mtu akinivutia kiti najua kuna jambo.

"Mama, nakuheshimu sana," akaanza.

"Sema tu, baba. Nimeshakaa."

Akasema siku hizi watu husoma vituko kwenye simu zao kabla hawajanawa uso. Akasema zamani kipindi changu kikiisha simu za studio zililia, sasa hazilii. Ratiba mpya inaanza Mei. Zisipolia mpaka mvua ziishe, dakika zangu tano zitakuwa za muziki.

Nikamuuliza kama muziki nao unathibitishwa kwa simu. Akacheka kwa adabu. Nilirudi mezani kwangu nikaanza kutafuta habari ya kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mgeni wa hoteli ya ufukweni amelalamika kwamba bahari ina kelele na akaomba izimwe ifikapo saa nne usiku. Nimeongea na mpokeaji wageni. Alimjibu kwamba fundi wa bahari yuko likizo.

Hakuna simu iliyolia.

Ijumaa, 14 Machi

Acha leo niandike la nyumbani, maana limenikera. Kipindi changu hurudiwa saa kumi na moja jioni, na saa hiyo mimi huwa nimesharudi, nipo jikoni, redio iko dirishani. Muziki wa kufungulia ukianza tu, Mzee wangu huinuka. Kila siku. Anachukua ufagio, anatoka uani kufagia. Leo alifagia kwenye mvua. Nilimtazama kupitia dirisha anavyosukuma maji ambayo yalikuwa yanarudi nyuma yake, nikamezea.

Sababu naijua, na mji mzima unaijua. Mume wangu alikuwa dereva wa basi miaka ishirini na tisa, hakuwahi kukwaruza hata kioo. Lakini hakumbukwi kwa hilo. Miaka ishirini na miwili iliyopita, msimu kama huu, basi lake lilikwama kwenye tope la bondeni. Abiria wakashuka kusukuma, na utingo naye akashuka, ndivyo kazi ilivyo. Dereva naye gari likishachomoka hasimami kwenye ardhi laini, huenda mpaka apate changarawe. Mzee akapata changarawe, akaendelea. Akaenda kilomita kumi na nane. Akaingia stendi, akafungua mlango, akatangaza, "Tumefika, angalieni mizigo yenu." Hakushuka mtu. Waliokuwa stendi walivunjika mbavu, na tangu siku hiyo anaitwa Bila Abiria.

Humu ndani hatulitaji. Na mimi, ninayechekesha watu kwa mikasa ya madereva wa dunia nzima, ule wa kwangu sijawahi kuutia redioni. Hilo nalo najivunia. Mke anamsitiri mumewe. Ila angalau angekaa asikilize siku moja.

Jumatano, 19 Machi

Maji ya shingo ofisini. Dari linavuja juu ya meza yangu tu, juu ya wengine halivuji.

Jumatatu, 31 Machi

Meneja amekuja mwenyewe mezani kwangu na karatasi, uso umemchanua.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Nimeipata kwenye mtandao, imesomwa na watu milioni. Tuitangaze kwa mbwembwe tuisome Ijumaa. Hii simu zitalia."

Nikavaa miwani. Katika nchi moja ya milima, basi lilikwama kwenye tope. Abiria kumi na wawili wakashuka kusukuma. Dereva, ambaye alikuwa amelewa chakari, akaondoka bila wao, akafika stendi na basi tupu, akawatangazia viti kwamba wamefika na waangalie mizigo yao.

Nilisoma mara tatu.

"Vipi, haikuchekeshi?" Meneja akauliza.

"Sijaithibitisha," nikasema.

"Thibitisha basi. Lakini mama, muda wetu ni mfupi."

Sikula mchana. Nikiisoma, watu wa mji huu hawatachukua sekunde mbili kujua ni nani, na sasa wataambiwa alikuwa amelewa. Mzee wangu hajawahi kuonja pombe hata tone. Nisipoisoma, kipindi ndicho hicho kinakwenda na maji.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeipata stendi ya ile nchi ya milima. Msimamizi amecheka sana, akasema kisa anakijua ila hakikutokea kwao, kilitokea kwa jirani zao wa chini, wale ndio walevi.

Ijumaa, 4 Aprili

Jirani wa chini amekasirika. Anasema ni uzushi wa watu wa milimani, kisa ni cha kisiwani, ng'ambo ya bahari. Nimemwambia Meneja asubiri. Ameuma mdomo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nguzo ya simu imeanguka. Siku tatu sina laini. Nimesoma habari ya abiria aliyekuja uwanja wa ndege na mlango wa nyumba yake, kwa kuwa alihama na hakutaka kuuacha. Ilikuwa akiba, niliithibitisha Februari.

Jumanne, 15 Aprili

Kisiwani kuna mwanamke wa ofisi ya watalii, ana sauti ya bashasha, tumeongea kama ndugu. Amesema kisa hicho wao walisimuliwa na msafiri mmoja miaka mingi iliyopita, huyo msafiri alikisikia alipokuwa anapita pande za kwetu. Akanitajia mto wetu, amekosea herufi moja tu.

"Kwani nyinyi huko hamkijui?" akaniuliza.

Nikamwambia tunakijua kidogo.

Nilikata simu nikakaa. Kisa cha Mzee wangu kimepanda meli, kimepanda milima, kimezeeka njiani, kimepoteza abiria ishirini, kimeokota chupa ya pombe, halafu kimerudi nyumbani kimejifanya mgeni. Ningekuwa sina mume ningecheka.

Ijumaa, 18 Aprili

Meneja: "Mama, Ijumaa ijayo, kwa hali yoyote. Uisome wewe au nitaisoma mimi."

Nikamwambia sawa. Nilitaka kumpa vidonge vyake lakini hana kosa, hajui.

Jioni nilijaribu kumwambia Mzee. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikauliza kama chumvi inatosha. Mara ya pili muziki wa kipindi ukaanza, akachukua ufagio.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika haya nikiwa bado ofisini, mvua imezuia watu kutoka.

Saa tano asubuhi nilikuwa nimekaa na ile karatasi mbele yangu. Nimempigia wa milimani, nimempigia jirani yao wa chini, nimempigia wa kisiwani. Kanuni yangu inasema mtu aliyekuwapo. Basi nikainua simu nikabonyeza namba ya nyumbani kwangu.

"Nani?" Mzee akaitika.

Nikatumia sauti yangu ya kazi, maana ile nyingine ingekatika. "Napiga kutoka redioni, kipindi cha Walimwengu Safarini. Nathibitisha habari ya basi lililofika stendi bila abiria. Naomba kuongea na mtu aliyekuwapo."

Nilimsikia anavuta kigoda.

"Umempata," akasema. "Uliza."

"Inasemekana dereva alikuwa amelewa."

"Nani huyo anasema? Andika hapana. Andika kwa herufi kubwa."

Nikaandika kwa herufi kubwa. "Inasemekana abiria walikuwa kumi na wawili."

"Thelathini na wawili. Niliwahesabu mwenyewe kabla sijawasha gari. Kumi na wawili ni basi au ni teksi?"

"Inasemekana hakutazama nyuma."

"Nilitazama. Vioo vilikuwa na ukungu. Wameshuka kusukuma wameacha mabunda yao kwenye viti, juu ya mabunda wameweka kofia na vitambaa ili visilowe. Kwenye kioo naona vichwa, nikajua wamesharukia ndani. Mvua inapiga bati, sisikii hata injini. Nikasema leo abiria wangu watulivu, wamechoka kusukuma." Akakisogeza kigoda. "Niliwasimulia hadithi njia nzima."

Nilicheka. Na yeye alicheka. Miaka ishirini na miwili hatujawahi kukicheka kisa hiki pamoja.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu hao wanaosimulia huishia hapo. Mimi niligeuza gari pale pale. Mama wa chai wa stendi akanipa birika lake zima. Nikawakuta wanatembea, nikawanywesha chai, nikampeleka kila mtu mpaka mlangoni kwake, na njia za ndani nikaingia." Pumzi yake ikabadilika. "Walikuwa thelathini na mmoja."

"Na wa thelathini na mbili?"

"Sijui."

Kalamu yangu ikasimama. Akaeleza polepole. Mwanamke mwenye kitambaa cha njano, kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Alimuona akipanda. Waliposhuka kusukuma hakumuona, na aliporudi hakumkuta. Alimtafuta kwenye ile barabara mpaka giza, akarudi kesho yake kwa miguu, akarudi wiki nzima. Utingo akamwambia umekosea kuhesabu, hakuna mzigo uliobaki, kwa hiyo hakuna mtu. Mji mzima unacheka, hakuna aliyetaka kusikia habari ya mtu mmoja.

"Mimi sikukosea," akasema. "Nilimwacha mtu kwenye mvua. Kila ikinyesha namuona barabarani anapunga mkono."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Hukuuliza. Miaka kumi na minane unaiuliza dunia nzima. Umewauliza na watu wa bata. Muziki wako ukianza nasema labda leo itakuwa zamu yangu. Haiwi. Nikajua unanionea aibu. Basi natoka nje."

Nilishindwa na ile sauti ya kazi. Nikamwambia sikuwa namwonea aibu, nilikuwa namkinga na vicheko. Akasema vicheko alishavizoea mwaka ule ule. Nilijipiga kifua kwa kumsitiri mume wangu, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango kwa nje.

"Isome," akasema. "Isome yote. Halafu niulizie huyo mama."

"Njoo uulize mwenyewe."

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Mzee alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Meneja alipomuona studio akaniuliza kwa macho, nikamwambia, "Huyu ndiye dereva." Akamtazama, akaitazama karatasi yake, akapigwa na butwaa. Halafu akamvutia kiti, na safari hii nilimpenda.

Nikafungua kipaza sauti. Nikasema leo narekebisha habari iliyosomwa na watu milioni. Nikasema dereva hakulewa. Nikasema haikutokea milimani, ilitokea bondeni kwetu, na tope lile ni letu. Nikasema dereva ni mume wangu, na katika habari zaidi ya elfu nne nilizosoma hii ndiyo ninayojivunia kuliko zote, kwa sababu naujua mwisho wake. Nikampa nafasi.

Aliongea kama anaendesha, taratibu, mikono mezani. Alimtaja kila aliyemwacha kwa kazi yake na mahali alipomshusha: fundi cherehani kwenye nyumba yenye ngazi, mwalimu wa hesabu nyuma ya kinu, mapacha wawili na mama yao. Thelathini na mmoja, bila kusoma popote. Mwisho akasema, "Kuna mama wa kitambaa cha njano. Kama yupo hai, namuomba radhi. Nilirudi. Sikumuona."

Taa zote tatu za simu ziliwaka kwa pamoja. Mwalimu wa hesabu, sasa mstaafu, akasema ile chai ilikuwa haina sukari na bado anaikumbuka. Pacha mmoja akapiga. Dakika tano zikapita. Fundi akaonyesha saa, Meneja akamzuia mkono. Dakika kumi na tano zikapita.

Halafu mwanamke mmoja, sauti ya chini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mzee akasema.

"Kitambaa cha njano kilikuwa changu. Lakini hukuniacha. Nilikuwa ndani."

Mzee akashika ukingo wa meza.

Akasema alikuwa hajalala siku mbili. Alikuwa amepata habari kwamba mama yake yuko hospitali ya mjini na hali si nzuri. Akajilaza kwenye kiti cha nyuma, akajifunika shuka, na mizigo ya watu ikamfunika zaidi. Wenzake waliposhuka hakusikia. Alichosikia ni sauti inatangaza tumefika, angalieni mizigo yenu. Akachukua kikapu chake, akashuka mlango wa nyuma, akakimbia. Watu wote walikuwa mbele wanacheka, hakuna aliyemuona.

"Nilimkuta mama anaongea," akasema. "Tuliongea mpaka akasinzia. Asubuhi hakuamka. Ungesimama kuwasubiri wenzangu, baba, nisingemkuta. Baadaye nikasikia watu wanasema lilikuja tupu, nikaona haya kusema, maana wote walisukuma kwenye mvua na mimi nilikuwa nimelala. Nisamehe. Sikujua kama kuna mtu ananitafuta."

Kwenye redio sekunde tatu za kimya ni kosa. Zilipita tatu, zikapita kumi. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kioo, Fundi ameweka kidole kwenye kitufe cha muziki. Nikamtikisia kichwa asibonyeze. Mume wangu alikuwa analia hewani, mji mzima unamsikiliza, na nilijivuna kwa ajili yake mpaka kifua kikaniuma.

"Kwa hiyo ulifika," akasema hatimaye.

"Nilifika, baba. Ulinifikisha."

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imekatika. Meneja alipiga simu mapema kusema kipindi kinabaki, na kwamba kuanzia Mei kitakuwa dakika kumi. Nikamwambia nimesikia, aongee taratibu. Mzee amelala mpaka saa nne asubuhi. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumuona amelala mpaka saa nne. Sikumwamsha.